MTOTO MDOGO ANA HAKI YA KUAMBIWA UKWELI KABLA YA SINDANO



Naomba nianze kwa kuungama. Mwezi Februari 2024, Dominika ile iliyotangulia Jumatano ya Majivu, mtaalamu wa afya wa kata yetu aliniletea tangazo nilisome mwisho wa Misa. Lilihusu kampeni ya kitaifa ya chanjo ya surua na rubela kwa watoto wenye umri wa miezi 9 hadi miezi 59, yaani wale ambao hawajatimiza miaka mitano. Nikalisoma. Watoto walikuwa wameketi mbele juu ya mikeka, kama ilivyo desturi yao. Nilipoona baadhi yao wameshtuka kwa kusikia neno sindano, niliona vema kuwatuliza, nikasema: "Msiogope, haiumi hata kidogo." Watu wazima wakacheka, wimbo wa mwisho ukaanza.

Dominika iliyofuata, nikiwa mlangoni nikisalimiana na waamini, mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne hivi, ambaye siku zote hukimbia kuja kunipa mkono, alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Bibi akamsukuma mbele: "Mwamkie Padre." Mtoto akanitazama, akasema: "Padre, iliuma." Hakuongeza neno. Bibi akaona haya, akaniomba radhi kwa niaba ya mjukuu wake. Lakini katika watu watatu tuliosimama pale, mwenye deni la kuomba radhi nilikuwa mimi.

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kwamba kijitabu cha Haki na Amani, ambacho kwa kawaida huzungumzia ardhi, mishahara, uchaguzi na rushwa, kinatoa nafasi kwa jambo dogo namna hii. Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Hata hivyo, tumezoea kuitafuta haki mahali penye watu wenye sauti, na tunamsahau yule ambaye kilio chake tunakiita utundu. Mtoto wa miaka mitatu anayebebwa kwenda kliniki hajui aendako, hajui atafanywa nini, na mara nyingi aliyembeba ndiye aliyemdanganya. "Tunakwenda kwa shangazi." "Tunakwenda kununua maandazi." Kisha anajikuta katika chumba chenye harufu ya dawa, watu wazima watatu wamemkamata mikono na miguu, na mmoja wao ni mama yake. Sindano yenyewe huchukua sekunde chache tu. Lakini kwamba mama alimdanganya, hilo huenda nalo nyumbani.

Upo uovu mwingine ulio mkubwa kuliko huo, nao ni wa kila siku. Ni pale sindano inapofanywa fimbo. "Ukiendelea kulia nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano." Nani kati yetu hajaisikia kauli hii? Nimeisikia barazani, katika daladala, hata ndani ya kanisa wakati wa mahubiri yangu marefu. Mwaka mzima mtoto anafundishwa kwamba sindano ni adhabu ya watoto wabaya na kwamba muuguzi ni askari wake. Halafu siku moja, bila kosa lolote, anapelekwa kwa muuguzi huyo huyo na kuambiwa atulie kwa sababu ni kwa faida yake. Aelewe vipi? Kwa akili yake ndogo, ambayo hata hivyo inafuata mantiki kuliko yetu, anajua kwamba anaadhibiwa, na anatafuta kosa lake halioni. Hiyo ndiyo maana halisi ya kudhulumiwa.

Nieleweke vema. Siandiki ili kumtia mzazi mashaka kuhusu chanjo yenyewe. Marehemu bibi yangu hakupenda kutaja idadi ya wajukuu zake kwa mgeni mpaka surua iwe imepita kijijini, kwa maana alikwisha kuzika. Surua huambukiza kuliko karibu magonjwa yote tuyajuayo: mgonjwa mmoja katikati ya watu wasio na kinga anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na ili kijiji kiwe salama inatakiwa watoto wapatao 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara mbili. Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake mkubwa wa chanjo kwa watoto, na katika kuadhimisha miaka 50 ya mpango huo, mwaka 2024, watafiti walikadiria kwamba chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154, wengi wao wakiwa watoto wachanga. Kwa sababu hiyo Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, inapotaja mambo ambayo mzazi au mlezi ana wajibu wa kumpatia mtoto, imeweka chakula, malazi, mavazi na matibabu, na ndani ya matibabu imetaja chanjo kwa jina. Naye Papa Yohane wa 23, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alihesabu huduma ya matibabu miongoni mwa haki za msingi za kila binadamu. Chanjo, basi, ni haki ya mtoto. Ninachosema ni kwamba sheria hiyo hiyo ya mwaka 2009 inampa mtoto pia haki ya kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake, na haki ya kwanza haiifuti ya pili.

Mzazi mmoja aliniambia waziwazi katika Jumuiya: "Padre, nikimwambia ukweli atakataa kwenda. Nitafanya nini?" Ni swali la haki, nami sikulijibu haraka. Nadhani tunachanganya mambo mawili: kumwarifu mtoto na kumwomba ruhusa. Mtoto wa miaka mitatu haombwi ruhusa ya kuchanjwa, kama asivyoombwa ruhusa ya kutovuka barabara peke yake. Mzazi ndiye mwenye dhamana, naye aseme kwa upole na bila kuyumba: "Leo tunakwenda kliniki. Utapata sindano ya kukukinga na surua. Itauma kidogo, halafu itakwisha. Mimi nitakuwa nimekupakata." Akilia, alie. Kulia si dhambi wala si utovu wa adabu, na mtoto wa kiume asiambiwe kwamba wanaume hawalii. Hata Bwana wetu alilia.

Kuna jambo la lugha ambalo sikuwa nimelifikiria kabla ya kuelezwa na Sista mmoja muuguzi. Sisi Waswahili tunasema "kuchoma sindano," na neno hilo hilo tunalitumia kwa mahindi na kwa nyama. Tunasema "kuchanja," na jana yake mtoto amemwona baba akichanja kuni kwa shoka. Sisi watu wazima tumekwisha kuzoea, hatusikii tena maana zile nyingine. Lakini mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza maneno akiambiwa "kesho utachomwa" au "utachanjwa," anaona nini akilini mwake? Sista yule alinisimulia juu ya mtoto aliyekuwa akilia huku akiuliza moto uko wapi. Tangu hapo yeye husema "kupewa sindano," naye huonyesha kwa kidole ni wapi: paja kwa mtoto mchanga, bega kwa mkubwa. Tena hubana ngozi ya mtoto kidogo kwa vidole, kwa upole, amwonyeshe kiasi chake.

Kwa Sista huyo nimejifunza mengine ambayo seminarini hatukufundishwa. Mtoto wa miaka miwili asiambiwe siku tatu kabla, kwani kwake siku tatu ni milele, naye atazitumia zote kuogopa. Asubuhi ile ile inatosha. Wa miaka minne au mitano aambiwe jana yake, apate nafasi ya kuuliza, na maswali yake yajibiwe hata akiuliza lile lile mara kumi. Nyumbani wacheze mchezo wa kliniki: mtoto awe muuguzi, mwanasesere wa matambara awe mgonjwa, kijiti kiwe sindano. Mtoto aliyekwisha kumpa mwanasesere sindano na kumwambia pole anafika kliniki akiijua njia. Njiani abebe kitu chake akipendacho, hata kikiwa kifuniko cha chupa.

Ndani ya chumba, mzazi ampakate, asimlaze kitandani akamshikilia kwa nguvu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya kupunguza maumivu wakati wa chanjo, na yaliyomo hayahitaji fedha wala mashine. Mtoto anyonyeshwe wakati wa sindano au muda mfupi kabla yake. Mtoto apakatwe. Zikiwa sindano zaidi ya moja, inayouma zaidi iwe ya mwisho, na matone ya kinga ya kuhara, ambayo yana utamu, yatangulie sindano. Mtoto aliye chini ya miaka sita apumbazwe kwa wimbo au mazungumzo. Na hapa ndipo niliposomewa hukumu yangu: wahudumu na wazazi wanashauriwa kutumia maneno ya kawaida yasiyotisha, na kutosema kamwe kwamba haitauma, kwa sababu si kweli. Laiti ningalijua hayo kabla ya Dominika ile!

Wengine hupenda kuahidi zawadi. Sioni ubaya, maadamu itatolewa. Mama mwenye shilingi mia tano ya nauli tu mfukoni asiahidi soda, kwa maana ataongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza. Kumbeba mgongoni hadi nyumbani na kumsimulia baba yake mbele yake jinsi alivyojitahidi, hiyo ni zawadi inayopita soda.

Nimemtaja baba. Katika foleni ya kliniki ambayo nimeiona kwa miaka yangu yote ya utume, wanawake ni wengi mno na wanaume huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mama ndiye atakayembeba, ndiye atakayemshika, ndiye atakayelaumiwa na mtoto kwa maumivu, na jioni mtoto akipata homa ndiye atakayeulizwa na mume: "Umemfanya nini mwanangu?" Ndugu zangu akina baba, mnaobeba watoto kwa fahari siku ya ubatizo mbele ya mpiga picha, siku ya sindano mko wapi?

Lakini mtoto hatatulia mikononi mwa mtu asiyetulia, na hapa nafika kwenye jambo linalonichoma zaidi. Tunamtaka mama amwandae mtoto, je, mama mwenyewe ameandaliwa na nani? Bibi wa yule mtoto alikuja kuniambia baadaye kwa nini mjukuu wake alikuwa hajapata sindano ya pili ya surua, ile ya miezi 18, mpaka kampeni ilipomkuta. Alikwenda naye kliniki kwa wakati wake, akiwa amepoteza kadi. Mbele ya foleni nzima aliambiwa kwamba yeye ni mzee asiyejua kutunza, akaulizwa kama angepoteza pia fedha. Akageuza, akarudi nyumbani, hakurudi tena. Kwa karibu miaka miwili na nusu mtoto yule alikaa na dozi moja, na dozi moja inayotolewa katika miezi tisa huwaacha watoto wapatao 15 katika 100 bila kinga, ndiyo maana ya kuwapo ile ya pili.

Wainjili wanasimulia kwamba watu walimletea Yesu watoto awawekee mikono, na waliowakemea wenye kuwaleta hawakuwa maadui zake. Walikuwa wanafunzi wake, watu wa ndani, waliodhani wanalinda utaratibu. Bwana alichukizwa. Sisemi haya kwa kuwadharau wauguzi wetu. Najua zahanati ambazo muuguzi mmoja hupima uzito, huandika daftari, hutoa sindano na kuzalisha siku hiyo hiyo. Aliyechoka namna hiyo hukosa uvumilivu, na wanaopanga watumishi wana sehemu yao ya dhambi. Lakini kadi iliyopotea inaweza kuandikwa upya. Na nikumbushe kwamba chanjo hizi za watoto hutolewa bila malipo. Anayemdai mama fedha ya daftari, ya sabuni au ya "shukrani" anamwibia mtoto.

Vilevile kuna mama ambaye hutembea saa mbili, akafika, akaambiwa arudi siku nyingine kwa kuwa watoto waliokuja ni wachache. Wengi hudhani ni uvivu wa muuguzi. Sababu ni hii: dawa ya surua na rubela huja katika kichupa cha dozi kumi, na kikishafunguliwa na kuchanganywa, kinachobaki baada ya saa sita hakina budi kutupwa. Muuguzi anaogopa kuulizwa juu ya dozi zilizopotea. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa kuwa mtoto aliyerudishwa huenda asirudi. Nakubaliana nalo kabisa: dawa iliyotupwa ina bei, na mtoto wa mama yule hana bei. Hata hivyo sisi nasi tunaweza kusaidia. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, ambazo zinajua kila nyumba yenye mtoto mchanga, zikipanga akina mama wa vitongoji jirani waende siku moja, kichupa hakitabaki na akina mama watasindikizana njiani. Katika kigango kimoja WAWATA wameanza kufanya hivyo, bila semina wala posho.

Siwezi kumaliza bila kugusa uvumi. Kuna wazazi wanaomficha mtoto siku ya chanjo kwa sababu wamesikia kwamba itamfanya tasa. Wengine hutaja habari ya mwaka 2014, pale Maaskofu wa Kenya walipoeleza hadharani mashaka yao juu ya kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, na Serikali ya nchi hiyo pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakajibu kwamba chanjo ile ilikuwa salama. Kwa maoni yangu, nikiyapima yaliyosemwa na wataalamu, chanjo ya pepopunda ni salama, na hofu iliyobaki vijijini imekuwa na madhara. Lakini siwacheki wanaouliza. Tumewazoesha watu wetu kuamriwa bila kuelezwa, na mtu asiyeelezwa hujieleza mwenyewe. Kwa wale ambao dhamiri zao husumbuliwa na asili ya baadhi ya chanjo, kama ya rubela, Taasisi ya Kipapa ya Maisha ilieleza mwaka 2017 kwamba wazazi wanaweza kuwachanja watoto wao kwa dhamiri safi, tena wakikumbuka wajibu wao kwa watoto wa wengine.

Hivyo mama aambiwe ukweli kama tunavyotaka amwambie mtoto. Aambiwe mapema kwamba sindano ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga begani hufanya kidonda kidogo baada ya wiki kadhaa, kinachopona chenyewe na kuacha kovu, na kwamba kisipakwe dawa wala majani. Aambiwe kwamba homa ya siku moja au mbili ni ya kawaida baada ya sindano nyingi, na kwamba ile ya surua inaweza kuleta homa au vipele vidogo wiki moja hivi baadaye. Aambiwe kwamba mafua madogo si sababu ya kuahirisha. Na aambiwe ni lini akimbie zahanati: mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya, akipumua kwa shida, au homa ikikataa kushuka. Maelezo haya yote hayafiki dakika tano.

Nilimwomba radhi yule mtoto. Nilifanya hivyo mlangoni pale pale, Dominika iliyofuata, nikiwa nimechuchumaa ili tulingane kimo. Nilimwambia: "Ulisema kweli. Iliuma, na mimi nilikosea kusema haiumi." Akafikiri kidogo, akaniuliza kama mimi nami niliwahi kupewa. Nikapandisha mkono wa kanzu, nikamwonyesha kovu langu la utotoni. Akaligusa kwa kidole, kisha akakimbia kuwaita wenzake waje kuliona, na watu waliokuwa nyuma yangu kwenye mstari wakalazimika kungoja.

Wazazi na walezi wa parokia yetu waulizie kwa viongozi wa Jumuiya zao siku ya kliniki ya mkoba katika kigango cha jirani. Mzazi aje na kadi ya mtoto, na aliyeipoteza aje hivyo hivyo. Mjumbe wa Haki na Amani atakuwapo tangu asubuhi, na mama yeyote atakayekemewa au kudaiwa fedha amweleze papo hapo, kabla ya kurudi nyumbani.